Kivimbe Nilichomtwika Mke Wangu

Haya jamani, nichekeni mpaka mchoke, maana aibu hii Kakuyuni nzima inaijua, na bora niisimulie mwenyewe kuliko niwaachie walevi wa mangweni, ambao kila wakinywa mnazi wangu huitia chumvi zaidi.

Mimi ni mgema. Kupanda mnazi ni kuukumbatia, kifua kwa shina, asubuhi na jioni, na mwaka jana nikaanza kusikia kitu kigumu chini ya titi la kushoto, kama kokwa ya ukwaju, nikawa kila nikikumbatia mnazi nauma meno. (Naam, titi. Siku hizo ningekuapia kwamba mwanamume hana titi, ana kifua.) Niliogopa, sisemi uongo. Nina watoto watatu, na minazi haijigemi.

Ukatangazwa upimaji wa saratani wa bure pale zahanati, nikavaa shati la Jumapili nikaenda. Nafika, naona maturubai mawili: la wanaume ni la tezi dume, la wanawake ni la matiti na mlango wa kizazi. Sasa mimi wa wapi? Kwa wanaume wamejaa wateja wangu watupu, nikajua nikitaja titi pale nitaitwa mama mpaka siku ya kuzikwa. Nikajipenyeza kwa wanawake.

"Karibu baba," muuguzi akasema. "Umemleta mama?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. "Ni mke wangu, sista," nikajibu. "Ana kivimbe, titi la kushoto. Akipanda mna... akiinama, kinamuuma."

Akaniuliza jina la mke, akaandika: Kadzo. "Mlete leo hii, kabla ya saa kumi."

Nikaondoka najiona mjanja, sikujua kwamba nyuma yangu ameketi jirani yetu Mama Charo, mhudumu wa afya wa kijiji, mama mwenye huruma nyingi na simu isiyoisha chaji. Nikapitia kwenye minazi yangu kujipa moyo (kata moja tu ya mnazi, au tatu), na nilipofika nyumbani uwanja ulikuwa umejaa leso. Wanawake wote wa kikundi cha mke wangu, na unga, na maombi, na mama mkwe ameshatoka Vitengeni kwa bodaboda, kuku kwapani, analia.

Kadzo mwenyewe akatokea sokoni, akaona ule umati, akatupa kikapu akalia kabla hata hajauliza nani kafa.

"Mwanangu, ulinificha!" mamake akamkumbatia.

"Nimeficha nini?"

"Kivimbe, dada," Mama Charo akasema. "Mumeo ametueleza."

Kadzo akanigeukia polepole. Mimi nikawa namtazama kuku.

Sasa mjue, kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani, hata mkono hawapeani, nami tangu nioe nilikuwa sijawahi kutamka neno la maana mbele yake. Wakaanza kumvuta Kadzo kwenda zahanati, na yule mama akawa anasema kwa sauti ndogo, "Dada yangu alikwenda hivi hivi. Alichelewa." Ile sauti ikanikata maini.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini, Baba Neema?" Kadzo akauliza.

"Titi ni langu."

Kuku peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka! Kisha akanyamaza ghafla, akamwambia Kadzo, "Mwambie mumeo atangulie. Saa kumi haiko mbali."

Tukaenda wote, msafara. Muuguzi akaita, "Kadzo!" nikasimama mimi, benchi zima la akina mama likaangua kicheko. Muuguzi hakucheka. "Nyama ya titi mnayo nyote, wanaume kwa wanawake," akaniambia. "Wanawake ndio wanaougua kwa wingi, wanaume ni wachache mno, lakini hao wachache hutujia wamechelewa, kila mmoja alidhani ugonjwa si wake. Na saratani ya koo, baba, hiyo nyinyi wanaume mnatushinda, hasa wanywaji." Akanusa. Nikafunga mdomo.

Nikachomwa sindano ya kuchukua sampuli, tukangoja majibu wiki tatu ambazo siwatakii hata adui. Si saratani. Kadzo alilia sana, kisha akaninunia siku nne, na zote nilistahili.

Nimeapa: nitamtwika mke wangu kuni, nitamtwika maji (yeye anasema tutaona), lakini ugonjwa wangu nitaubeba mwenyewe. Na juzi mteja mmoja, yule yule aliyekuwa ananicheka kuliko wote, alinivuta kando, akaangalia huku na huku.

"Mgema, mke wangu ana kivimbe," akanong'ona, mkono uko kifuani kwake.

Nikampokonya kata. "Kavae shati la Jumapili," nikamwambia. "Nakusindikiza."