Chumba Changu Hakina Bati

Nyumba ya mama ina bati upande mmoja tu. Upande wa pili ni kuta za tofali za kuchoma, na juu yake hakuna kitu. Wanaopita barabara ya kwenda Tabora huonyeshana kwa kidole na kucheka. Acha wacheke. Mabati niliyaezua mimi mwenyewe, mchana, watu wakiangalia.

Nilipomaliza darasa la saba sikuendelea. Baba alikuwa amefariki na mama hakuwa na uwezo. Nikaenda Usinge, kwenye mashamba ya tumbaku. Kazi yangu ni moto. Tumbaku ikishavunwa huning'inizwa ndani ya bani, kijumba cha kukaushia, na mtu lazima akae hapo achochee kuni, joto lisipungue wala lisizidi. Likizidi, majani yanaharibika na malipo yako yanaharibika nayo. Ni kazi inayomfaa mtu asiyependa maongezi. Moto haukuulizi utaoa lini.

Tunalipwa mara moja, tumbaku ikishauzwa. Mwaka ambao mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la saba, nilituma nyumbani karibu malipo yote. Mama hakuwa na simu, kwa hiyo nilimtumia baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, kama ilivyo desturi yetu. Nikamwambia pesa hizo ni za shule ya mdogo wangu, zisiguswe mpaka Januari. Akasema, "Nimekuelewa, mwanangu."

Mdogo wangu akafaulu. Nilirudi Krismasi, na kabla sijashuka kwenye bodaboda nikaona paa linang'aa. Nyumba niliyoiacha ilikuwa imeezekwa nyasi.

Baba mdogo alinipokea kwa furaha ya kweli. Siwezi kumsingizia kwamba alikula pesa zangu; zote zilikuwa pale juu ya paa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Hebu inua macho uone. Nani atasema tena mtoto wa kaka yangu amepotelea porini? Chumba cha upande wa kulia ni chako. Mwakani tunatafuta mchumba."

"Na shule, baba?"

"Shule siku hizi ni bure."

Ada ni kweli imefutwa. Lakini shule aliyopangiwa ilikuwa mbali, ya kukaa hosteli, na ilitaka sare, godoro, sanduku, ndoo, na mchango wa mahindi na maharage. Bila hivyo asingepokelewa.

"Basi asubiri mwaka mmoja," akasema. "Babu zako walibeba mizigo ya wenyewe kwa miguu mpaka pwani, kwa njia hii hii. Walirudi na kitambaa begani, kijiji kikaona. Mtu akitoka, lazima kionekane alichokileta."

Jioni tuliitwa kwenye kikao cha ukoo. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama vidole vya miguu yangu. Watu wazima walisifu bati, mmoja baada ya mwingine. Mdogo wangu aliweka sahani ya michembe katikati, viazi vile vya kukausha, akatoka bila kuinua uso. Aliyemtetea ni mama peke yake.

"Shemeji, mimi nimelala chini ya nyasi tangu niolewe. Nilikufa?"

Wakacheka, wakaendelea kula.

Walitegemea aibu yangu ya kusema mbele za watu, wanaijua tangu utotoni. Lakini paa halihitaji maneno. Asubuhi niliazima ngazi na nyundo nikapanda upande wa kulia.

Msumari wa kwanza ulitoka kwa kelele, majirani wakajaa uani.

"Jamani njooni! Mwenye nyumba anajiibia!"

"Labda mchumba kakataa rangi ya bati!"

"Kijana, shuka, watasema umerogwa!"

Baba mdogo alikuja mbio na kandambili moja mguuni.

"Shuka! Unanivua nguo mbele za watu!"

Nikashangaa kwamba naweza kumjibu. Ukiwa juu ya paa hakuna anayekutazama machoni, unaona vichwa tu.

"Hili ni jasho langu, baba. Nililituma kwa ajili ya shule, nalo litakwenda shule."

"Na ukirudi utalala wapi?"

"Jikoni."

Watu wakacheka tena. Nikang'oa msumari mwingine. Nilipoinua bati la kwanza sikujua nani atalipokea, maana hakuna mwanaume aliyesogea. Mdogo wangu akaja, akafunga khanga kiunoni, akanyoosha mikono. Tukafanya hivyo mpaka chumba changu kikabaki wazi. Cha mama sikukigusa.

Mnunuzi alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akijenga banda la kuku.

"Mbona yana matundu kama chekeche?"

"Kuku hawatalalamika, mwalimu."

Alicheka, akayachukua, kwa bei ya matundu. Vitu vyote vya hosteli vikapatikana, na simu ya kitochi kwa ajili ya mama. Tangu siku hiyo ninachotuma kinafika mkononi mwake. Mdogo wangu aliripoti shule godoro likiwa limefungwa nyuma ya bodaboda, ameshika ndoo mapajani. Sasa yuko kidato cha pili.

Chumba changu kilinyeshewa masika yote. Mama, ambaye hapendi ardhi ikae bure, akapanda maboga humo ndani. Mbuzi hawaingii, kuta zinazuia. Majani yamejaa mpaka dirishani, na wanaonicheka barabarani wanakuja jioni kuomba ya mboga. Hata baba mdogo huja.

Krismasi iliyopita alinikuta nimekaa mlangoni pa jiko, ninapolala.

"Sasa mwanangu, umeonyesha ubishi wako, tumeuona. Lini utaezeka?"

Nilikuwa natazama chini kama kawaida yangu.

"Akimaliza kidato cha nne, baba."

"Na akifaulu kuendelea?"

"Basi mama ataendelea kupanda maboga."