Niliambiwa nina adabu, kumbe moyo ulikuwa na tundu: aliyekalia barua yangu Bariadi anijibu

Wakuu, mwangaluka. Humu nasoma siku nyingi bila kuandika. Leo naandika. Sitatia chumvi, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Naanza na siku iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Tulikuwa uani na mayu, mama yangu, tunachambua pamba. Nyeupe huku, fifi, ile chafu yenye madoa, kule. Ilikuwa asubuhi, jua bado halijawa kali. Nikataka kunyoosha mkono wa kushoto nivute rundo. Mkono haukwenda.

Nikautazama. Nikauambia moyoni, nenda. Haukwenda. Nikataka kumwambia mayu, mdomo ukaenda upande, yakatoka mate tu.

Mayu akadhani namtania. "Kabula, acha ujinga, wanunuzi wanakuja kesho." Kisha akaniangalia usoni. Sauti aliyoitoa ilileta watu hadi wa ng'ambo ya mto.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mkono ule haujarudi mpaka leo. Hapa naandika kwa kidole gumba cha kulia, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo makosa mnivumilie.

Sasa shikeni neno hili. Siku mkono wangu unakufa, barua ya kuniita kwenda kutibiwa ilikuwa imeshafika Bariadi mjini miezi mitano nyuma. Kuna mtu alikuwa nayo. Anaitwa Lukanda. Nitamfikia.

Turudi nyuma.

Mimi ni mtu wa upande wa Sapiwi. Nyumbani ni pamba, mahindi na ng'ombe. Miaka hiyo ni ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba ndio wanaanza kuingia vijijini, kila mmoja na mzani wake, na kila mtu anasema biashara, biashara.

Mimi tangu mdogo nilikuwa na sifa moja kijiji kizima. Adabu.

Kwetu binti akikutana na mkubwa njiani anapiga goti au anachuchumaa, ndipo anasalimia. Wenzangu walikuwa wanafanya haraka haraka, wengine wanainama kidogo tu na kupita. Mimi nilikuwa nachuchumaa mpaka chini, natulia hapo, nasalimia taratibu, na sinyanyuki mpaka mtu ameshapita mbali.

Wazee walikuwa wanamwambia baba, "Masanja, huyu binti umemlea." Baba anavimba kichwa. Anasema huyu ataniletea ng'ombe zizi lifurike.

Wakuu, hapakuwa na adabu pale. Nilikuwa nikitembea hatua chache kifua kinabana, macho yanaingia giza. Nikichuchumaa, pumzi inarudi. Hakuna aliyenifundisha, mwili wenyewe ulijua. Nikimwona mtu mzima anakuja kwa mbali nafurahi, maana nimepata sababu ya kukaa chini bila kuitwa mvivu.

Midomo yangu ilikuwa kama nimetoka kula zambarau. Kucha hivyo hivyo. Zahanati walisema damu imepungua, wakanipa vidonge. Mfumu, mganga wa kijijini, naye alisema bibi mzaa baba anataka jina lake. Nikapewa jina. Midomo ikabaki ya zambarau.

Halafu ikatangazwa kanisani kwamba kuna madaktari wanakuja kutoka India, watakaa wiki moja kwenye hospitali ya misheni, wanaangalia watoto wenye shida ya moyo, bure. Baba hakutaka kwenda. Alisema mtoto wangu hana shida ya moyo, ana upungufu wa damu. Mayu akamjibu, "Basi mpeleke wakuambie hivyo hivyo kwa Kihindi."

Tukapanda lori la pamba, juu ya magunia.

Pale hospitali foleni ilizunguka jengo. Akapita mama mmoja mrefu mwenye miwani minene, amevaa koti jeupe, na pembeni yake daktari kijana wa kwetu, Dokta Eliya. Huyo mama jina lake lilitushinda, tukamwita Mayu Miwani.

Aliponifikia mimi nilikuwa nimetoka kusimama muda mrefu, nimechoka vibaya. Nikachuchumaa kumsalimia. "Mwadila, mayu."

Yeye akasimama. Hakuitikia. Akanitazama nilivyokaa, akatazama vidole vyangu. Akasema maneno na Dokta Eliya kwa Kiingereza.

Dokta Eliya akachuchumaa na yeye, tukawa macho kwa macho. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliwahi kuniuliza:

"Binti, hapo unasalimia au unapumua?"

Nikamjibu, "Vyote."

Baba alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Sikumwona uso.

Wakanichukua kutoka kwenye foleni, wakanilaza. Mayu Miwani alikuwa na ule mpira wa kusikilizia kifua. Kabla ya kuniwekea, aliufumba kiganjani mwake kwanza upate joto. Jambo dogo hilo, lakini sijalisahau. Nimeshikwa na wengi maishani, waliopasha mkono joto kwanza nawahesabu kwa vidole.

Wakapiga picha ya moyo kwa mashine. Baba akaambiwa kwa Kiswahili cha hospitali, akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, haelewi kitu. Dokta Eliya akaona. Naye ni mtoto wa wafugaji, wa kule Bukundi. Akamwambia:

"Mzee, moyo wa mtoto ni zizi lenye vyumba. Chumba kimoja cha ng'ombe waliokwisha kunywa maji, kingine cha wenye kiu. Wenye kiu wanatakiwa kutoka kwenda lamboni, ambako ndiko mapafu. Sasa kwa huyu, mlango wa kwenda lamboni ni mwembamba, na ukuta wa katikati una tundu. Wenye kiu wanapita kwenye tundu, wanachanganyika na walioshiba, wanatoka wote kwenda malishoni. Ndiyo maana anaishiwa nguvu."

Baba akauliza, "Tundu linazibika?"

"Linazibika. Na mlango unapanuliwa. Lakini siyo hapa, hapa bado hatuna uwezo. Ataenda kwao India, na mmoja wenu atamsindikiza."

Akasema barua itakuja kupitia ofisi pale Bariadi mjini. Akasema ikija msichelewe, maana damu ya mtoto ni nzito, inaweza kuganda na kupanda kichwani. Vile vidonge vya kuongeza damu akavitupa.

Njia nzima ya kurudi, baba alisema sentensi moja tu: "Miaka yote hii nasifia ugonjwa."

Tukangoja barua.

Sasa namfikia Lukanda.

Alikuwa karani. Barua zote za namna hiyo zilipita mezani kwake. Baba alikuwa anakwenda kwa baiskeli kila wiki. Anavua kofia, anauliza. Lukanda anamjibu bila kuinua kichwa, "Mzee, India siyo Nyashimo. Barua haipandi baiskeli." Wenzake ofisini wanacheka, na baba anacheka pamoja nao ili asionekane mkorofi, anarudi nyumbani.

Mara nyingine akamwambia, "Wamesahau. Watoto ni wengi, wewe unadhani binti yako ni nani?"

Barua ilikuwa kwenye droo yake.

Alichofanya ni hiki. Kaka yake alikuwa na binti, naye Kabula. Kwetu Kabula ni kila aliyezaliwa mvua ikinyesha, tumejaa. Lukanda akamfundisha yule mtoto aseme yeye ni Kabula Masanja. Akampa mke wake kazi ya kumsindikiza. Shida yake haikuwa matibabu, mtoto alikuwa mzima kabisa. Shida yake mke afike India, arudi na nguo za kuuza. Biashara, biashara!

Wakasafiri mpaka Dar. Sisi huku tunachambua pamba, na mkono wangu ukafa.

Ya Dar alinisimulia Dokta Eliya baadaye. Kabla ya kusafirishwa, watoto walikuwa wanapimwa tena, na Mayu Miwani alikuwapo. Anasema waliona kibinti kinapanda ngazi mbili mbili, kinatafuna andazi. Mayu Miwani akauliza huyu ni nani. Wakamwambia Kabula Masanja. Akamwekea mpira kifuani, akasikiliza, akaurudisha mfukoni. Akasema, "Huu ni moyo mzuri sana. Yule wangu yuko wapi?"

Mke wa Lukanda akaanza kulia palepale. Akasema mume wangu aliniambia wataangalia tu, watampa dawa, watamwachia.

Wakuu, nifikirieni. Mama wa nchi ya watu, aliyeona mamia ya watoto, alinikumbuka mimi. Mtu wa wilaya yangu, anayejua kijiji changu, aliuliza mimi ni nani.

Dokta Eliya hakutuma barua nyingine. Alikuja mwenyewe na Land Rover ya hospitali. Alipofika nilikuwa nimelala kwenye mkeka, mkono umefungwa kitambaa. Alisimama mlangoni, akavua kofia. Akamwambia mayu, "Nisamehe, mama." Yeye ndiye aliyeomba radhi, na hakuwa na kosa. Mwenye kosa sijamsikia mpaka leo.

Mayu ndiye aliyenisindikiza. Mwanamke ambaye alikuwa hajavuka Nyashimo, akapanda ndege na kibuyu cha maziwa ya mgando. Wakamnyang'anya. Alinung'unika mpaka tunatua.

Kule walinikalisha wiki kadhaa kwanza, wanaogopa kichwa changu kwa sababu ya kile kiharusi. Manesi wakajifunza kutusalimia. Asubuhi wanaingia wodini, "Mhola?" Mayu anajibu, "Mhola duhu," anacheka mpaka anafuta macho. Daktari mkuu wa upasuaji, mzee mfupi, alikuwa anakuja kila siku kukaa kitandani pangu, anachora moyo wangu kwenye karatasi. Dokta Eliya naye alikuwepo. Ilikuwa sehemu ya makubaliano yao, kila kundi la watoto linaambatana na daktari wa Tanzania, ili ajifunze kwa kuona na baadaye kwa kushika.

Siku yangu, Dokta Eliya alisimama juu ya kibao thieta nzima, nyuma ya bega la yule mzee, anaangalia vidole. Aliniambia miguu ilivimba lakini hakushuka.

Nilipoamka nilikuwa na mipira kila mahali. Mayu aliruhusiwa kuingia. Akashika mkono wangu, akautazama, akaanza kumgombeza nesi kwa Kisukuma. Yule nesi haelewi. Akaitwa Dokta Eliya atafsiri.

Mayu alikuwa anasema, "Mwambie huyu anifute rangi hii. Mtoto wangu hajaolewa, wanampakaje rangi kwenye kucha!"

Dokta Eliya akamwambia, "Mama, hiyo siyo rangi. Hiyo ni damu yake."

Mayu akakaa chini sakafuni. Akavishika vidole vyangu kimoja kimoja, hata vya mkono uliokufa, navyo vilikuwa vyekundu. Miaka kumi na moja hakuwahi kuona rangi ya mwanawe.

Nimeishi, wakuu. Nimeolewa, nimezaa wawili, nalima choroko kwa mkono mmoja na ninawashinda wenye miwili.

Na kazi ile haikuishia kwangu. Dokta Eliya alirudi kule mara nyingi, na wenzake, na manesi, na mafundi wa ile mashine inayoshika kazi ya moyo. Karibuni nimempeleka mjukuu wa dada yangu Dar, ana tundu kama langu. Hakupanda ndege ya kwenda nje. Nesi aliyetoka thieta akaniambia wageni wamekuja, lakini aliyeshika kisu ni binti wa Kitanzania, mgeni amesimama nyuma yake, mikono kaikunja. Nikauliza mbona huyo mgeni hafanyi kitu. Nesi akanijibu, "Mama, hiyo ndiyo kazi yake siku hizi, kutofanya kitu." Nililia pale kwenye benchi. Watu waliokubali kufundisha mpaka wasihitajike, mimi sijui niwaite nani. Wabeja sana, nawashukuru, popote walipo.

Kwa wazazi wenzangu somo ni fupi. Mtoto akichuchumaa chuchumaa njiani, midomo inabadilika rangi, usimsifie wala usimwite mvivu. Mpeleke hospitali wasikilize kifua. Na ukiambiwa barua ipo ofisini, usicheke na anayekucheka. Kaa hapo hapo mlangoni.

Mwenye ndugu aliyepitia haya aandike hapo chini, niwasome.

Lakini wewe Lukanda. Hukufikishwa popote, ulihamishwa tu. Umestaafu, umerudi Bariadi, kwenye misiba unakaa viti vya mbele na kipaza sauti unapewa. Mwaka juzi nilikufuata nje ya kanisa nikakuonyesha huu mkono. Ukaniambia, "Binti, si ulipona? Mambo ya Mungu hayo."

Usimtaje Mungu. Droo ilikuwa ya kwako, na funguo ulikuwa nayo wewe. Baba aliambiwa ukweli, lakini amekufa anaamini alichelewa yeye.

Wanao wamo humu, nawajua hata majina wanayotumia. Wakusomee huu uzi wote, kisha waandike hapa jibu lako, si lao. Swali ni moja: ulipompa mtoto mwingine jina langu, mimi ulitaka niende wapi?