Bibi Anayepiga Deki Nyuma ya Mgeni

Kurimoto Fusae anabonyeza kitufe, na mtu mdogo kwenye skrini anaingia nyumba ya kuogea na buti zake zenye matope. Fusae anashtuka, anamrudisha nje haraka, kisha anajicheka.

"Hata leo siwezi," anasema. "Mkono wenyewe unakataa."

Fusae, mwenye umri wa miaka 51, hutengeneza michezo ya video katika kampuni ndogo hapa Osaka. Yeye ndiye anayeamua mchezaji apite wapi na mlango gani ufunguke lini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ila kwa Fusae mgeni huyo sharti avue viatu kwanza.

Ndivyo alivyoijenga mwanzoni nyumba ya kuogea, bafu la umma la Kijapani, sehemu ya mchezo anayoipenda kuliko zote: bila kuvua viatu, mlango haukufunguka. Bibi mwenye nyumba amemchora kwa kumkumbuka nyanya yake.

Ndipo alipokuja Eero Hakala, Mfini, aliyeajiriwa ili mchezo uuzike Ulaya.

"Mama Kurimoto, hapa umemfunga mchezaji mikono," alimwambia. "Kwetu mchezaji anataka aguse, avunje, aone itakuwaje. Ukimwamrisha, anazima mashine."

"Basi azime, aende akale."

"Akizima harudi, mama."

Majaribio ya Ulaya yakamuunga mkono Eero. Wachezaji walifika mlangoni, wakabonyeza, wakachoka. Bosi akatangaza mkutanoni kwamba nyumba nzima iondolewe, na bibi wake. Watu wakainamisha vichwa. Eero akadhani wamekubali.

"Maskini, hakujua," anasema Fusae. "Sisi mkutanoni hatubishani. Ukweli tunausema jioni, bia ikiwa mezani."

Jioni hiyo, mbele ya bosi aliyeshalegeza tai, Fusae alisema yake. "Mlango uwe wazi. Waingie na buti zao."

Eero alikaribia kupaliwa. "Na bibi je? Awafukuze?"

"Hasemi neno. Anawafuata nyuma, anapiga deki."

Bosi akawapa jaribio moja la mwisho. Kijana mmoja wa Helsinki, mchezaji wa majaribio, akaingia mbio na buti zake, akapiga teke ndoo, akageuka. Bibi alikuwa amepiga magoti, akifuta kwa kitambaa nyayo za kijana, moja baada ya nyingine. Kijana akasimama. Kisha akauliza, "Viatu navuaje?"

Fusae alilia, na haoni haya kulisema. Bibi akabaki.

"Mimi ningemfungia nje kijana yule," anasema. "Eero angemwacha achafue. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu tu ya mchezo, bwana mdogo yule na mimi."

Sasa wawili hao wanashughulikia sura inayofuata ya mchezo. Fusae anataka kuweka kitambaa cha pili kando ya ndoo, bila maelekezo yoyote.

"Sitamwambia mtu akishike," anasema. "Nataka nimwone atakayepiga magoti mwenyewe."