Oveni ya Kikundi na Wigi Langu

Haya chekeni, mimi mwenyewe nilishacheka peke yangu, ingawa wiki ile nilikuwa nikipita Kariobangi nimeinamisha kichwa.

Serikali ilikuwa imekipa kikundi chetu cha akina mama ruzuku, nayo ikaja kama oveni kubwa ya umeme ya kuokea mikate (hakuna aliyetuuliza stima ya ploti yetu ina nguvu gani), na tukiiwasha dakika chache tu nyumba zote zinabaki giza, kwa hiyo mimi mwenyekiti nikaipeleka sebuleni kwangu, nikaitandikia kitambaa cha kufuma, na ndani nikapanga sahani za plastiki na wigi langu la kanisani. Ikapendeza! Aliyeumia ni Halima, mwokaji wetu, maana mgongo wake ulikuwa umechoka kwa kufulia watu nguo na tumaini lake lote lilikuwa kwenye mikate hiyo.

Siku afisa wa ruzuku alipotutembelea, Halima akaninong'oneza, "Mama Kelvo, mwambie tu ukweli." Ukweli gani, na mimi najua kuongea! Afisa akaanza, "Nimekuja kuuliza kama kifaa..." nikamkata, "Tunaoka kila siku, asubuhi na jioni."

"Basi washa nione."

Nikawasha kwa madaha, bila hata kufungua mlango wake (wigi nilikuwa nimelisahau, mdomo ulikuwa kazini), nikaendelea kusifu mikate hadi harufu ya nywele zinazoungua ikajaa nyumba, moshi ukatoka, afisa akakohoa, na stima ikapotea ploti nzima. Jirani wa juu akapiga kelele, "Mama Kelvo! Si tulikubaliana hiyo ni kabati?"

Afisa akafunga faili. "Nilitaka kujua kama kifaa kinawafaa. Wenye stima dhaifu tunawabadilishia ya gesi. Lakini hii mmeichoma wenyewe, itabidi muombe upya."

Halima hakunigombeza. Alifungua madirisha, akaanza kukwangua plastiki iliyoyeyuka, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli.

Fomu mpya tuliijazia kwake. Tulipofika penye kuuliza kwa nini kifaa cha kwanza hakikutumika, akanisukumia kalamu.

"Andika mwenyewe, dada."

Nikaandika kwa herufi kubwa, nikatia na sahihi: STIMA YETU HAIWEZI, NA MWENYEKITI ALIDANGANYA.