Mabati ya Mama Feza

Nilifunga safari kwa sababu ya ujumbe wa mdogo wangu Zawadi, aliyeolewa upande wa Kabambare: "Yaya, siku zangu ziko karibu. Ukuye na nyundo." Uzazi wa kwanza alijifungulia kibandani kwa mkunga, mvua ikapita kwenye paa la nyasi usiku kucha, mtoto akafa kwa baridi. Mimi ni seremala hapa Kasongo. Sikuuliza mengi.

Asubuhi na mapema niliondoka sokoni kwa pikipiki, sanduku la vifaa mapajani. Barabara ile haina huruma na makalio ya mtu. Kwenye daraja la magogo nilishuka nikavuka kwa miguu, maana maisha bado nayapenda. Dereva alinicheka mpaka ng'ambo.

Saa tisa alasiri tulifika. Zawadi alinilisha wali na sombe, yale majani ya muhogo, kisha akanipeleka kuona jengo la kujifungulia akina mama. Kuta za matofali ya kuchoma zimesimama wima, kenchi za kubeba paa zimewekwa, juu mbingu tupu. Nilizigonga mbao moja moja; mbili tu zilikuwa zimeoza.

Pesa zilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo, Zawadi alinieleza. Serikali ikabadilika, waziri mpya akataka mikataba yote ipitiwe upya. Kabla hajamaliza, naye akaondolewa. Wafadhili wakachoka kungoja. Injinia wao aliyaacha mabati kwa Mama Feza, mjane jirani, eti kwa wiki mbili tu. Miaka ikapita.

Jioni tulikwenda kwake. Mabati yalijaza chumba chake, yeye analala jikoni. Alinionyesha karatasi aliyotia saini: asimpe mtu yeyote bila barua ya mradi.

"Mradi uko wapi, mama?"

"Hauko tena. Lakini karatasi iko. Wakikuja, watafunga mimi, hawatafunga minisitiri."

Sikuweza kumkasirikia. Alisema kweli.

Kesho yake nilimpa shauri: tuyapange juu ya kenchi bila msumari hata mmoja, tuyagandamize kwa mawe. Atakuwa bado anayalinda, ila huko juu. Akakubali. Nilipanda na wanaume wawili, naye akizunguka chini akituonya tusiyakwaruze.

Mchana upepo ulivuma, ukanyanyua bati la pembeni. Likaanguka hatua chache kutoka alipokuwa amekaa Zawadi. Hakuumia, ila kule juu nilijilaani kwa ujanja wangu.

Mama Feza aliliokota bati, akamtazama Zawadi na tumbo lake. Kisha akaniita.

"Fundi, misumari uko nayo?"

"Niko nayo, mama."

"Piga. Wakikuja kuuliza, useme ni Mama Feza alikutuma kutoboa."

Siku ya nne Zawadi alijifungua humo mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Nililia bila aibu.

Siku ya sita nilirudi Kasongo, nikalowa mvua njia nzima. Nilikwenda nikidhani kijiji kile kimekosa fundi. Kumbe kilikosa mtu wa kukubali kulaumiwa. Wakubwa wote waliikwepa lawama, mjane akaibeba. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuuliza. Akija, nitaipanda tena pikipiki nikasimame na Mama Feza, maana matundu yale niliyatoboa mimi.