Vipimo vya Zamani
Fundi wangu wa nguo pale Shianda huongea na pini mdomoni, na vipimo vya kila mteja huviandika kwenye daftari. Siku ile mwanangu alikaa mlangoni akinijibia kila swali. Fundi alinipima kiuno, akatazama daftari, akanipima tena. Alipoona alama za kamba mikononi mwangu, alimtuma mwanangu akanunue zipu, kisha akatoa pini moja moja. “Kukhu, bibi yangu, nyumbani unakulanga kweli?” Nikalia. Kabla mwanangu hajarudi, tulikuwa kwenye bodaboda kwenda kwa wakili. Daftari hilo lilisomwa kortini. Gauni langu fundi alilishona kwa vipimo vya zamani. Leo, baada ya miezi sita kwa binti yangu, nimelijaribu. Zipu imegoma kupanda, naye fundi amecheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.