Dirisha la Kaskazini, Waithaka

Vitabu vitatu vya mitumba, nilivyonunua mjini kwa wauzaji wa kando ya barabara, vilikubaliana juu ya jambo moja: mchoraji wa kweli hutumia mwanga wa dirisha linaloelekea kaskazini, kwa kuwa jua halipiti huko. Vyote vitatu viliandikwa Ulaya. Jambo hilo nililiona, nikalipuuza kwa utaratibu mzuri.

Mama mwenye nyumba, ambaye mlango wake unapakana na wangu hapa Waithaka, alikubali fundi atoboe ukuta. Nilipima kwa dira, mara mbili. Ilikuwa Januari, na mwanga ulioingia ulikuwa mpole kama vitabu vilivyoahidi. Nilijipongeza sana.

Mwezi wa tatu, mjane mmoja wa mtaa wa Jamhuri aliniletea picha ya kitambulisho ya marehemu mumewe. Alitaka uso huo uwe ukutani sebuleni siku ya ibada ya kumkumbuka.

"Sina nyingine," alisema, "na hiyo imefifia. Alikuwa maji ya kunde. Usinichoree mtu mwingine."

Aprili ilipoingia, jua likapita dirishani na kukaa juu ya picha yangu. Nilitoka nje kulishangaa. Mama mwenye nyumba alikuwa anafunga kamba ya nguo upande wa dirisha langu.

"Jua halifai kuwa huku," nilimwambia.

"Haya, liambie, Profesa. Mimi kila mwaka nahamisha kamba wakati huu. Litakaa huku mpaka mwezi wa tisa. Si ungeuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Sikujua kwamba kamba ya nguo ni marejeo. Basi nikaendelea kwa ushupavu wa msomi: jua liling'arisha kila rangi, nami kila siku nikaongeza weusi kidogo ili kusawazisha.

Jumatano ya wiki ya ibada niliipeleka picha Jamhuri. Mjane aliwasha balbu ya sebuleni, akaitazama.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzee."

"Mzee wangu hakuwahi kuchoma makaa."

Ibada ilikuwa Jumamosi. Nilimwomba ruhusa nilete rangi zangu pale pale. Nikapiga kambi pembeni mwa kochi, chini ya balbu moja na dirisha lenye pazia la neti, lililoelekea sijui wapi. Dira niliiacha nyumbani. Kila alipopita na chai alinisahihisha: "Shavu hilo, ongeza mwanga. Si hivyo. Hapo."

Ijumaa jioni alipita bila kunisahihisha, akarudi, akaweka sinia chini.

"Ndiye. Hata kile kiburi cha kukataa ugali uliopoa, kipo."

Tuliitundika kwenye msumari, hatua mbili kutoka mahali nilipoichorea. Akauliza, kwa heshima, kama lile dirisha langu maarufu, nililomsimulia wakati wa chai, lilikuwa limesaidia.

"Sana," nilimjibu. "Soksi hukauka kabla ya saa sita."